Meza ya Goti la Nyuma

Meza ile ilikuwa inanuka mbuzi aliyelowa mvua. Mke wa Vidole alisema tangu ilipoingia mlangoni, lakini mwanamume akishapenda kitu, pua yake huenda likizo.

Vidole alikuwa mpiga kinanda, akirekodi nyimbo za watu katika chumba cha uani. Mgongo ulikuwa unamuua. Kinanda alikilaza juu ya meza ya kulia chakula, mabega yamepanda hadi masikioni, na mkewe akawa anamkanda kila jioni kama unga. Mwisho akaenda kwa fundi seremala.

Fundi yule hakuwa na meza za kuchagua. Anakukalisha kigodani, anakupima kwa kamba kutoka sakafuni hadi gotini, kutoka gotini hadi kiwikoni, ndipo anakata mbao. Mtu mwenye akili angesubiri. Vidole akaona meza pembeni imefunikwa turubai, akavuta kigoda akakaa mbele yake, mgongo ukanyamaza.

"Nataka hii, fundi."

"Hiyo ina mwenyewe, kaka. Alikuja usiku umeme umekatika, nikampima kwa kupapasa. Mguu wake si wa kawaida. Kaniambia goti lake niliachie nafasi kwa nyuma."

"Goti gani hilo? Mchongee nyingine."

Akabembeleza mpaka akapewa. Mtu mzima na ndevu zake.

Mchana mmoja Vidole akiwa anaoga, mkewe akasikia kinanda kinalia uani. Akachungulia. Kiti kilikuwa kitupu, ila pedali ya kinanda, ile ya kukanyaga chini ya meza, ilikuwa inazama na kupanda, taratibu.

"Kuna mtu anakalia kiti chako," alimnong'oneza mumewe.

"Panya hao."

"Panya anapiga kinanda? Basi mrekodi, atatulisha."

Walicheka, lakini mke alicheka kwa meno tu. Tangu hapo Vidole akawa hataki kuinuka. Chakula apelekewe pale pale. Usingizi pale pale. Mkewe akimshika mkono amvute, mkono unakuja, kiuno hakiji.

Akakimbilia kwa fundi. Akamkuta anafunga karakana jua bado liko utosini.

"Shemeji, mwenye meza kaja," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Nikamwambia imechukuliwa. Nilidhani atafoka. Kaniuliza tu, 'Aliyeichukua anakaa vizuri?' Nikasema ndiyo. Akacheka. Akasema, 'Basi usinichongee nyingine, tutakaa wote.'"

Mwanamke hakuaga, alirudi mbio, kanga inamponyoka na yeye haiokoti, na kabla hajafika uani alishausikia muziki, mtamu kuliko wowote aliowahi kupiga mumewe, na harufu ya mbuzi imejaa hadi ukumbini, akasukuma mlango na kuona waya wa umeme wa kinanda haujachomekwa, umezungushwa msumarini pale pale alipouning'iniza mwenyewe asubuhi, akainama kutazama chini ya meza, akaona kandambili za mumewe zimepangwa vizuri, tupu, na magoti yake yamekunjika kuelekea nyuma, kuelekea kwake yeye aliyekuwa nyuma ya mgongo wa mumewe, na kilichokuwa kinakanyaga pedali kinagonga, ko, ko, ko.

"Mume wangu," alisema. "Simama twende."

"Nisimame niende wapi, na mgongo umepona?" Ilikuwa sauti ya Vidole. Halafu, kutoka kinywa kile kile, ikaja nyingine, nzito, yenye adabu:

"Msalimie fundi. Mwambie alipima vizuri."