Bega la Kushoto

Wiki ya mwisho ya Agosti, hapa San Antonio, ndiyo wiki pekee mwanaume mzima anasimama foleni kwa saa mbili bila kulalamika. Msimu wa njiwa unafunguliwa tarehe mosi Septemba, na asiye na leseni abaki nyumbani aoshe vyombo. Foleni ya duka lile kubwa la vifaa vya uwindaji ilianzia kaunta ya leseni, ikapita mabuti, ikapita ndoano za samaki, ikaishia huko kwenye mahema. Nyuma ya kaunta alikaa Graciela Montemayor, fulana ya kijani ya kazini, hereni kubwa za duara, nywele kazibana juu kwa penseli. Alikuwa ameshaandika leseni mia na ushee siku hiyo, na tangu azaliwe hajawahi kushika hata manati.

Akafika mwanaume mmoja mrefu, mabega mapana, shati jeupe la mifuko minne limepigwa pasi mpaka limekakamaa.

"Urefu?" Graciela akauliza bila kuinua macho kwenye fomu.

"Futi sita na kidogo."

"Kidogo hakiandikwi. Rangi ya macho?"

"Sijui. Nitazame mwenyewe uandike."

Watu nyuma wakaguna. Graciela akainua uso, akatazama, na akakawia kidogo kuliko kazi ilivyotaka.

"Kahawia."

"Andika mazuri."

"Fomu ya serikali hii, kaka, haipokei uwongo. Jina?"

"Evaristo Cantú. Na wewe?"

"Mimi ni yule mwenye foleni ndefu nyuma yako. Anayefuata."

Akaondoka na leseni yake. Kisha akarudi, akapanga foleni upya kutoka kule kwenye mahema, saa mbili nyingine, ili aombe namba ya simu. Haya, mwanamke akifanyiwa hivyo mbele za watu atasemaje? Mei iliyofuata wakafunga ndoa.

Kwa upole, Evaristo hana mwenzake. Ni fundi wa viyoyozi. Mchana kutwa yuko juu ya mapaa ya watu na jua la huku wenyewe tunalijua, lakini jioni akirudi bado ana nguvu za kumkanda mkewe miguu na kumwita malkia. Hata mbwa wa jirani aliyemlia kandambili zake hakufokewa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, Septemba. Ikifika, baba yake mzee Aurelio na wanawe wanne wanapotelea mashambani na bunduki, na wake zao wanabaki kwa mama mkwe kufunga tamale, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda ya bunzi. Graciela alifunga tamale Septemba ya kwanza. Ya pili ilipokaribia, akagoma.

"Hivi mimi nimeolewa na mtu au na kalenda?" akamwambia. "Nifundishe kupiga, na mimi niende."

Evaristo akafurahi kama kaambiwa atapata mtoto. Akaingia kabatini, akatoka na kitu kimefungwa kwenye blanketi kuukuu: bunduki ndogo ya marisau, mtutu mmoja, ile inayokunjwa katikati ili utie risasi. Kitako chake cha mti wa jozi kilikuwa kimevishwa ngozi mwishoni.

"Hii itakufaa, malkia. Nyepesi."

"Ya nani?"

"Ipo siku nyingi," akasema, akaanza kuipangusa.

Wakaanza Jumapili, kwenye shamba la mjomba wake nje kidogo ya barabara kuu. Graciela kavaa suruali ya jinzi na kofia ya majani, vizibo masikioni. Evaristo kwenye mtambo wa kurushia visahani, vile wanavyoviita njiwa wa udongo, anakanyaga na kisahani kinaruka. Na hapo hapo yule mwanaume mpole akatoweka. Akaja mwingine ambaye Graciela hakumjua.

"Kidevu chini. Chini, nimesema. Unatazama wapi?"

"Natazama kisahani."

"Ungekitazama ungekipiga. Tena. Bega mbele. Mbona husikii?"

"Varo," akamwita kwa jina la nyumbani, "nasikia hata na hivi vizibo."

"Basi fanya."

Alikosa vyote. Jumapili ya pili akakosa vyote, ya tatu akabahatisha kimoja. Bunduki ilimgonga bega la kulia mpaka likawa rangi ya zabibu. Wakirudi mjini wanapita kuchukua barbakoa, ile nyama ya kichwa cha ng'ombe iliyoiva kwa mvuke, na soda nyekundu, na mbele ya sahani yule mume wake anarudi, anampaka dawa begani taratibu, anaomba radhi. Graciela alikuwa anachanganyikiwa. Yupi kati ya hawa wawili ndiye wake?

Jumapili ya nne bega lilikataa kabisa kuguswa. Bila kufikiri sana, akahamishia bunduki bega la kushoto. Ajabu, shavu likakaa, jicho likaona, kila kitu kikatulia.

"Rusha," akasema.

Kisahani kikapasuka vipande. Akatia risasi nyingine, akapasua cha pili. Akapasua cha tatu. Akageuka anacheka, mikono imeshaanza kujiandaa kukumbatiwa.

Evaristo alikuwa amesawijika. Akaja, akamchukulia bunduki mkononi, akaikunja na kutoa ganda la risasi.

"Usishike hivyo tena."

"Kwani hukuona? Vitatu, Varo. Vitatu mfululizo."

"Nimeona."

"Sasa kosa langu nini?"

"Basi tu. Twende nyumbani."

Siku hiyo barbakoa ilipoa mezani, na soda zikabaki na vizibo vyake.

Graciela hakulala na kinyongo. Alilala na swali, na swali ni baya zaidi. Jumanne akajiambia labda bunduki ndiyo yenye matatizo. Akaipeleka kwa mzee Kuno, Mjerumani wa siku nyingi anayetengeneza bunduki kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, amwekee mpira mwishoni mwa kitako.

Mzee Kuno akaipima kwa macho, akaipima kwa futi, akafumba jicho moja.

"Binti, hii si yako."

"Ni ya kwetu. Kanipa mume wangu."

"Sikatai. Lakini kitako kilikatwa kwa ajili ya mtu maalumu. Mfupi kuliko wewe. Na kimepindwa kidogo upande huu, unaona? Kimetengenezwa kwa mtu anayelenga kwa bega la kushoto. Kazi nzuri hii, ya mikono yenye mapenzi. Si mwanaume mzima, hapana. Mimi nadhani mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Sasa hilo unaniuliza mimi?"

Graciela akasimama pale anajumlisha. Evaristo analenga kwa bega la kulia, kaka zake wote kulia. Dada hana. Mama mkwe akiona bunduki anafanya ishara ya msalaba. Kwa hiyo kulikuwa na mwanamke, mfupi, wa kushoto, aliyependwa kiasi cha kukatiwa kitako. Na siku mke wa ndoa alipoishika kama yule, mtu akapauka uso. Akapiga simu.

"Malkia," Evaristo akaitika, upepo unavuma. "Niko juu ya paa, sema haraka."

"Bunduki hii ilikatwa kwa ajili ya nani?"

Spana ikasikika ikigonga bati.

"Varo?"

"Nani kakwambia?"

Kati ya majibu yote duniani, akachagua hilo.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Chela," akamwita kwa jina lake la kifupi, "tutaongea nyumbani."

"Tuongee sasa hivi. Alikuwa nani?"

"Siwezi. Si hapa."

"Basi na mimi sipo nyumbani," akasema Graciela, na akakata.

Akahamia kwa dada yake Dalia, upande wa pili wa mji, na begi moja na penseli zake za nywele. Dalia hana subira na wanaume tangu alipoachana na wa kwake.

"Mfupi?" Dalia akauliza, anakaanga mayai. "Wafupi ndio wabaya. Nakwambia muache."

"Sijasema namuacha."

"Begi limesema."

"Nimempa mpaka Jumapili. Asiponitajia huyo mwanamke kwa jina, sirudi. Sitaki hata kumkataza kumkumbuka, Dalia. Nataka tu kujua ninalala na nani."

Na ujumbe wa Evaristo ukawa unaingia kwenye simu. Umekula? Nimekula. Bega linaendeleaje? Lipo. Nakupenda. Hapo Graciela hajibu. Anakaa ameishika simu, analia, anakasirika kwamba analia, halafu anausoma ujumbe upya. Alimpenda yule mtu. Hilo ndilo lililomchosha.

Jumapili asubuhi kengele ikalia. Dalia akafungua mlango nusu.

"Ameshafika mwenye siri zake."

"Shikamoo, shemeji. Naomba nionane na mke wangu."

Alikuwa amevaa lile shati la mifuko minne, safari hii limekunjamana vibaya. Mkononi ana kasha la sigara la bati. Graciela akatoka barazani, akafunga mlango nyuma yake, ingawa alijua fika Dalia kabandika sikio upande wa pili.

"Jina lake," akasema.

Evaristo akafungua kasha. Ndani kulikuwa na kipande cha mti wa jozi, unene wa vidole viwili, umbo la mwisho wa kitako cha bunduki, mahali msumeno ulipopita bado panaonekana. Juu yake kwa penseli iliyofifia paliandikwa: Evaristo, miaka tisa, bega la kushoto.

Graciela akasoma, akasoma tena.

"Sielewi."

"Babu yangu ndiye aliyeikata. Aliniona nashika kushoto, akasema jicho la mtoto halikosei, akaikata inifae. Hiki kipande akaniwekea, akasema nikikua tutakirudishia." Akakigeuza kile kipande. "Akafa majira ya baridi yale. Septemba iliyofuata nikaenda na baba. Yeye akasema hazai mtoto anayelenga kinyume. Kila nikiiweka kushoto, kofi hapa," akagusa kisogo chake, "mbele ya wanaume wote. Nikahamia kulia. Sikurudi kushoto tena."

"Na siku ile mimi…"

"Ulipoiweka kushoto, kisogo changu kikasubiri kofi. Miaka thelathini imepita, Chela, na nina futi sita. Halafu nikakumbuka Jumapili zote nne nilizokufokea. Nikaijua ile sauti. Ya kwake yule yule. Nikaona aibu, nikashindwa pa kuanzia."

"Mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Mafundi wanne walikuwa juu ya paa wananisikiliza."

Graciela akakaa kwenye ngazi. Alitaka kumpiga, alitaka kumbusu, na hakujua kipi kitangulie.

"Kwa hiyo nimekaa siku tano," akasema polepole, "namchukia mtoto wa miaka tisa."

"Nisamehe."

"Na kwa nini ukanipa mimi bunduki hiyo, na duka zima lipo?"

"Ndicho kitu pekee nilichowahi kupewa bila kugombezwa," akasema Evaristo. "Nikataka kiwe chako."

Nyuma ya mlango mtu alipenga kamasi.

Mchana ule wakaenda shambani. Bunduki ikatoka ndani ya pikapu, na Graciela badala ya kuichukua akamsukumia yeye.

"Leo mimi ndiye mwalimu. Bega la kushoto."

"Imekuwa fupi, mama. Nitaonekana kichekesho."

"Nani anakuona? Ng'ombe?"

"Na baba je, tarehe mosi? Atasema."

"Akisema, tutamwuliza mkwe wake kaangusha wangapi. Weka."

Akaweka. Viwiko vilimbana, kichwa kilimuinamia, jitu zima na bunduki ya mtoto. Graciela hakucheka. Alikanyaga mtambo, kisahani kikaruka kuelekea miti ya miiba iitwayo meskiti, mlio ukalia, na kisahani kikaenda kutua majanini kizima kabisa.

Evaristo akaikunja bunduki, ganda likaruka. Hakugeuka. Mabega yalimpanda, shingo ikazama katikati yake, akakaa hivyo hivyo anatazama majani.

Graciela akamwendea kwa nyuma. Akaweka kiganja chake pale pale kisogoni, juu ya ukosi uliolowa jasho, akakiacha hapo mpaka mabega yakaanza kushuka.

"Tena," akamwambia, na akampa risasi.