Kila Makala Inaponukuliwa

Harufu ya ulanzi uliochacha, ile pombe ya mianzi, iliingia ofisini kwa Daktari Sedekia Kalinga asubuhi ileile aliyopata habari njema. Alikagua droo, akafungua dirisha, akamuuliza mhudumu kama kuna mtu kaficha kopo. Wapi! Chuo kile cha Mbeya hata chai ilikuwa ya kubembeleza. Akaachana nayo, maana simu ilikuwa imemletea taarifa kwamba mtafiti mmoja wa Ujerumani amenukuu makala yake.

Na nani angemlaumu kwa kufurahi? Miaka yote aliandika kuhusu ubongo, na makala zake zikakaa kwenye majarida kama mahindi ya mwaka juzi, hazina mlaji. Hii moja tu ndiyo iliyopata wasomaji. Ilihusu mgonjwa aliyeitwa L., ambaye ubongo wake, ulipopimwa kwa waya za kichwani, ulionyesha mawimbi ya watu wawili.

L. alikuwa mdogo wake mwenyewe, Lusia. Utotoni, kijijini kwao karibu na Tosamaganga, alikuwa akianguka kila mara, mpaka mganga wa pale, Bibi Sabina, akalituliza jini lililomkalia, lenye kunuka ulanzi. Sharti lilikuwa moja tu: habari za jini lile zisisimuliwe tena kwa mtu yeyote. Ukoo mzima ukafunga mdomo. Sedekia naye alifunga, hadi aliponyimwa cheo kwa mara nyingine, akambembeleza Lusia akubali kuvaa waya. Kusimulia ni mambo ya jikoni, alijiambia, hii ni sayansi. Msomi huyo!

Jioni aliporudi nyumbani Iyunga alimkuta Lusia kaanguka kwenye jiko la mkaa, mkono umeungua. Chumba kizima kilinuka ulanzi.

Akanukuliwa tena, Lusia akaanguka tena. Profesa Isakwisa, mkuu wa idara, alimsifu mbele ya kikao kwamba safari hii cheo hakimkwepi, na Sedekia akiwa bado anapeana mikono na watu, jirani yake Yudith akapiga simu kumwambia awahi nyumbani. Alizima taarifa zote za kwenye simu, haikusaidia kitu, kwa sababu huko duniani watu waliendelea kuandika, na Lusia akaendelea kuanguka, kanisani, bafuni, kando ya barabara kuu malori yakipita, mpaka ikabidi akae ndani mchana kutwa, mdogo wake wa damu, ameshika kona ya blanketi kwa meno ili asijing'ate ulimi, anamtazama kaka yake.

Siku moja, Sedekia amempakata, yale macho yalifumbuka yakiwa yametulia.

"Kamwene, Daktari."

Salamu ilikuwa ya Kihehe, ya kwao, lakini Lusia hajawahi kumwita kaka yake Daktari.

"Mwache mdogo wangu," Sedekia alinong'ona.

"Nilikuwa nimelala, ukaniita wewe. Sasa wananitaja mpaka nchi nisizozijua. Kila anayenitaja ananinenepesha."

Lusia alipozinduka alisema kwa shida kwamba amechoka, na kwamba akianguka mara nyingine hadhani kama atarudi.

Kesho yake Sedekia alikuwa Iringa, kijijini kwao. Bibi Sabina alikuwa anachambua maharage, hata kiti hakumpa. Alimsikiliza hadi mwisho, akasema dawa anayo, lakini haiwezi kufunga kitu ambacho bado kinasimuliwa. Kwanza akakinyamazishe.

"Umewasimulia wangapi?"

Sedekia alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Alilia palepale, na yule bibi hakumbembeleza.

Jarida lilikataa kuondoa makala yenye vipimo vya kweli. Basi akawaandikia kwamba vipimo alivitunga mwenyewe. Uongo mtupu, na kwa uongo huo akajizika. Makala ikafutwa, chuo kikamfukuza, Profesa Isakwisa akampita sokoni kama hamjui. Bibi Sabina akaja Iyunga, akafukiza nyumba, akamchanja Lusia chale, na harufu ikaisha.

Lusia akapona. Alinenepa, akarudi kwaya, akawa anaimba akipika. Sedekia alikaa sebuleni bila kazi wala heshima, akimsikiliza, na kusema kweli alikuwa na furaha kuliko siku zote za maisha yake.

Kisha Aroni, aliyekuwa akifundisha naye, akamtumia ujumbe wa kumpa pole. Kuna kitabu kimetoka ng'ambo kuhusu watafiti wanaotunga matokeo, na mfano wa kwanza kabisa ni Kalinga na mgonjwa wake L. Vyuo vingi vimeshaanza kukitumia. Sedekia alifungua ukurasa wa kazi zake. Makala iliyofutwa ilikuwa ikinukuliwa kuliko ilivyopata kunukuliwa ilipokuwa hai, na hesabu ilikuwa inapanda huku anaitazama.

Jikoni, wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Sufuria likaanguka. Harufu ya ulanzi ikaja taratibu, ikapita chini ya mlango.

"Kamwene, Daktari," sauti ikaita kutoka jikoni. "Sasa wananifundisha darasani."