Babu Yumo Picha Ipi?

Tumpe alikuwa na miaka sita, sweta la bluu, na baiskeli ndogo yenye kengele.
Kringi, kringi.

Likizo ya mwezi wa sita, Baba na Mama walimpeleka kwa Bibi, kule Tukuyu. Walikwenda kupumzika, Ijumaa mpaka Jumatatu asubuhi. Baiskeli ndogo nayo ilikwenda.

Lakini mwezi wa sita Tukuyu ni baridi. Ukungu ulikaa juu ya migomba. Ukakaa juu ya paa. Ukaja kukaa mpaka mlangoni kwa Bibi.

"Shikamoo Bibi," alisema Tumpe.
"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Bibi.

Babu alikuwa amefariki. Walimzika wakati wa mvua kubwa.
Kofia yake ilikuwa bado msumarini. Baiskeli yake ilikuwa bado barazani, imefunikwa gunia.

Bibi alikuwa na huzuni, na huzuni yake ilijaa nyumba nzima. Hata kuku waliingia polepole.

Ukutani kulikuwa na picha nyingi. Baba alipokuwa mdogo. Mama siku ya harusi. Ng'ombe wa Bibi, yule mkorofi.
Tumpe alitafuta juu. Akatafuta chini.
Babu hayumo.

"Bibi, mbona Babu hayumo?"
"Atakuwemo vipi?" alisema Bibi. "Kila picha alipiga yeye."

Kweli, Babu alikuwa mpiga picha. Alizunguka kwa baiskeli nyumba hadi nyumba, kamera shingoni, kofia kichwani. Kila mara alisema vilevile:
"Jua mgongoni kwangu, macho kwangu."
Kacha!

"Kuna hii ya kitambulisho," alisema Bibi.
Ilikuwa ndogo sana. Ndani yake alikuwemo mzee mwenye kipara, amenuna.

"Huyu si Babu," alisema Tumpe. "Babu ana kofia."
"Kwenye kitambulisho hawataki kofia," alisema Bibi. "Hata mimi simzoei huyu."
Akaifunga tena kwenye kitambaa.

Usiku Tumpe alikaa macho kitandani. Aliogopa.
"Mama, bila picha si tutamsahau Babu?"
Mama alimfunika blanketi.

Jumamosi ukungu ulikuwepo vilevile.
"Twende tukamtafute," alisema Tumpe. "Huenda mtu ana picha yake."

Baba alitoa gunia kwenye baiskeli ya Babu. Akajaza upepo. Fss, fss. Akatia cheni mafuta, lakini baiskeli ile ni ya kulalamika tu.
Kwichi, kwichi.

Basi wakaondoka.
Mbele Baba, kwichi, kwichi.
Nyuma Tumpe, kringi, kringi.
Ukungu huku, ukungu kule.

Kwanza walifika kwa Mama Lwitiko, mchuma chai. Ukutani kwake kulikuwa na picha moja. Mama Lwitiko alikuwa amebeba mtoto, na mtoto anacheka.

"Babu yako ndiye aliyemchekesha," alisema Mama Lwitiko. "Alikunja uso kama nyani."
"Na yeye yumo?" aliuliza Tumpe.
Akapanda kwenye kigoda, akatazama.
Babu hayumo.

Mbele Baba, kwichi, kwichi.
Nyuma Tumpe, kringi, kringi.
Ukungu huku, ukungu kule.

Walifika kwa Mwalimu Mwaisaka, mzee aliyestaafu zamani. Mwalimu alitoa picha kabatini. Alikuwa kijana, amevaa suti, amesimama wima.

"Babu yako alikuwa fundi," alisema Mwalimu. "Ila hapa aliniudhi. Ona, kivuli kimepita juu ya viatu vyangu vipya."
Tumpe hakujali viatu. Alitafuta kofia na uso.
Babu hayumo.

Walipita nyumba ya tatu. Wakapita ya nne. Picha zilikuwepo, watu walikuwemo, hata mbuzi walikuwemo.
Babu hayumo.

Manyunyu yakaanza. Tairi la Tumpe likateleza. Pwaa! Akaanguka kwenye tope.

Tumpe alilia.
"Umeumia wapi?" aliuliza Baba.
"Sijaumia. Namlilia Babu."

Baba alikaa chini kwenye nyasi, suruali ikalowa.
"Hata mimi namlilia," alisema.
Wakakaa hapo, wawili, baiskeli zimelala kando yao.

Jumapili walitoka kanisani, wakala ndizi za nazi. Bibi alikula kidogo. Ukungu ulikuwa dirishani, unatazama ndani.

Baba alileta kamera yake ndogo.
"Tupige picha ya familia," alisema.
"Mimi msinipige," alisema Bibi. "Nitasimama karibu na nani?"
Baba akaishusha kamera.

Tumpe aliwaza. Akaenda msumarini, akaishusha kofia ya Babu.
"Simama karibu na baiskeli yake, Bibi. Nitapiga mimi."

Bibi alimtazama. Kisha akaingia chumbani, akabadilisha kitenge.

Saa kumi na moja jioni ukungu ukapasuka kidogo. Jua likatokea, la njano, limeinama.
"Upesi," alisema Mama. "Halikai hilo."

Baba aliitoa baiskeli ya Babu mpaka kwenye nyasi, Bibi akasimama karibu nayo. Baba alisimama huku, Mama kule.
Tumpe alivaa kofia ya Babu. Ikamfika masikioni.

Akashika kamera. Akapanua viwiko, kama Babu.
"Jua mgongoni kwangu, macho kwangu."
Bibi alishtuka.
Kacha!

Baba alikuja akatazama kwenye kioo cha kamera.
"Aa, Tumpe. Kivuli chako kimeingia. Kimefika mpaka miguuni kwa Bibi. Turudie."

Tumpe aliinamisha kichwa. Jua lilikuwa limeshaanza kuondoka. Ameharibu picha ya Bibi.

"Msirudie," alisema Bibi. "Leteni nione."

Bibi alishika kamera kwa mikono miwili. Miguuni kwake, kwenye nyasi, kulikuwa na kivuli kirefu. Viwiko vimepanuka. Kichwani kofia.

"Huyu ni mzee wangu," alisema Bibi polepole.
"Ni mimi, Bibi."
"Najua ni wewe. Lakini ndivyo alivyokuwa akisimama."

Tumpe akakumbuka viatu vya Mwalimu. Viatu vipya. Kivuli kimepita juu yake.
Akakimbia ndani mpaka kofia ikadondoka.

Alitazama picha ya Baba alipokuwa mdogo. Alitazama chini kabisa, kwenye nyasi.
Kivuli. Viwiko. Kofia.

Alitazama picha ya Mama siku ya harusi. Kivuli kilikuwa kwenye pindo la gauni jeupe.
"Hicho kilinikasirisha kweli," alisema Mama, akakigusa kwa kidole.

Alitazama ng'ombe mkorofi. Ubavuni kwa ng'ombe kulikuwa na kivuli cha kofia.

"Bibi," alisema Tumpe. "Babu yumo."
Picha ya kwanza, Babu yumo.
Picha ya pili, Babu yumo.
Ukuta mzima, Babu yumo.

Bibi alikaa kwenye kigoda. Alilia, halafu akacheka, halafu akalia tena.

"Miaka yote nilimsema," alisema Bibi. "Mzee, kivuli chako kinaingia. Mzee, unawaharibia watu picha."
"Akasemaje?" aliuliza Tumpe.
"Alisema, acha kiingie. Na mimi niwemo."

Usiku ukungu ulirudi, ukakaa mlangoni. Baridi ilikuwa ileile. Lakini Bibi alikula sahani nzima, akaongeza.

Kisha alifungua sanduku lake. Akatoa picha ambayo Tumpe hakuwahi kuiona. Msichana amesimama kwenye migomba, anacheka. Kivuli chenye kofia kimegusa vidole vya miguu yake.

"Huyu nani?"
"Mimi," alisema Bibi. "Ndiyo siku tuliyojuana."
Baba akagonga msumari. Ko, ko, ko. Picha ikakaa ukutani, katikati.

Tumpe alilala kitanda kimoja na Bibi. Taa ilikuwa ndogo. Barazani upepo ulitikisa baiskeli ya Babu.
Kwichi.

"Bibi, ile picha ya leo. Kivuli changu kitabaki humo?"
"Kitabaki."
"Siku zote?"
"Siku zote."

"Basi na mimi nimo," alisema Tumpe.
"Umo," alisema Bibi, akazima taa.