Komeo la Chumba cha Nyuma

Haya yalimpata rafiki yangu Rugaibula wa Kibeta, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimuuzia gari lake la fahari, kuukuu lakini lenye jiko na chumba cha kulala. Komeo la chumba lilikuwa nje.

"Fundi gani mjinga hivi!" Rugaibula akalihamishia ndani.

Siku anampeleka mkewe kwao Muleba, mchana kweupe, mlango wa chumba ulianza kupigwa ngumi kwa ndani, hadi mbao zikapasuka na damu ikachuruzika kwenye ufa.

"Baba Aroni, umembeba nani?" mkewe alipiga yowe.

Alisimamisha gari, akausukuma mlango kwa bega. Ulikuwa umefungwa kwa ndani; mitikisiko ya barabara ilikuwa imelisukuma komeo.

Ngumi zikanyamaza. Kisha akasikia vidole vikipapasa mbao, taratibu, mpaka vikalikuta komeo.