Mkono Mmoja wa Kangri, Mmoja wa Simu

Kipupwe cha Kashmiri hakina mchezo. Hajra aliketi sakafuni ndani ya pherani, joho lake zito la sufi. Chini ya joho alishika kangri, chungu kidogo cha makaa kilichosukiwa kikapu. Binti yake Iqra, wa miaka mitatu, alijibanza humo humo johoni. Mkono mmoja wa mama ulikuwa kwenye kangri, mwingine kwenye simu.

Simu hiyo haikumpa nafasi ya kupumua. Mumewe, Nazir, alikuwa Kolkata akiuza shali. Akikawia kujibu, moyo wa Hajra ulienda mbio. Anaumwa? Amefanyiwa fujo? Basi alichungulia simu akipika, akifua, hata akimlisha mtoto.

Simu ikalia. Hajra akaachia kangri ili aandike kwa mikono miwili. Kangri ikapinduka. Makaa yakamwangukia Iqra mguuni, akapiga yowe.

Jirani yao Rubeena, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuja mbio. Akamkuta Hajra, dawa ya meno mkononi, akitaka kumpaka mtoto.

"Weka chini hiyo! Dawa ya meno ni ya meno. Lete maji!"

Akaumwagia mguu wa mtoto maji baridi, yasiyo na barafu, kwa dakika ishirini. Sehemu nyingine ya mwili aliifunika blanketi. Kisha akafunika jeraha kwa kitambaa safi.

"Sasa twende zahanati. Mtoto mdogo akiungua, hatukai nyumbani kubahatisha."

Njiani Hajra alilia. "Dada, nimemuunguza mwanangu! Na ujumbe wenyewe haukuwa wa Nazir. Wifi yangu katuma picha ya maua!"

"Simu si adui," Rubeena alisema. "Lakini ikilia tu, unaruka kama umeitwa na mkwe! Zima milio ya makundi. Nazir akiwa na dharura, atapiga. Panganeni saa ya kuzungumza. Ukishika moto au mtoto, simu ikae mbali."

"Na wasiwasi je?"

"Utakushika, nisikudanganye. Mkono utakuwasha kutaka simu. Ukizidiwa, njoo kwangu tunywe chai yetu ya chumvi."

Zahanati walisema jeraha litapona. Jioni Nazir akapiga, sauti juu.

"Mbona kimya tangu mchana? Roho yangu iko mkononi!"

Hajra akamweleza yote.

"Kumbe tunatishana wenyewe kwa wenyewe," alisema Nazir.

Wakakubaliana kuongea kila siku baada ya magharibi. Siku za kwanza zilikuwa ngumu kwelikweli. Hajra alikwenda mara kwa mara hadi dirishani ilipokaa simu, akarudi mikono mitupu. Polepole moyo ukatulia.

Jioni moja Nazir aliuliza, "Habari za leo?"

Zamani, kwa kuandikiana mchana kutwa, kufikia saa hiyo walikuwa hawana la kuambiana.

"Iqra kajifunga vifungo vya koti mwenyewe. Mpaka cha juu kabisa!"

"Acha utani! Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia," Hajra alisema. "Nilikuwa namtazama."