Mwanzi Mwepesi Kuliko Yote

Kila siku akitoka shule, Adventina huteka maji, huwafungia mbuzi, kisha ndipo huruhusiwa kwenda kucheza. Juma lile hakucheza. Alikuwa akikusanya fito. Alizipanga zote kwenye ukuta wa jiko la mama yake, pale mtaani kwao Picha ya Ndege, akazikagua moja moja kama mtu anayechagua kitenge cha sikukuu.

Mfaume, mwenzake wa darasa la sita, akachungulia uani. "We Adventina, umefungua duka la fito?"

"Karibu mteja. Tazama, ila usiguse."

Kazi hiyo alipewa na Mwalimu Mbaraka. Shule yao ilikuwa imeahidi kuipelekea shule moja ya Chole, kule Kisarawe, mbegu za karanga, na likizo ile yeye, Mfaume na Mwalimu wangezipeleka kwa baiskeli, wakilala njiani Kibuta. Turubai lilikuwepo. Upande mmoja lingefungwa kwenye mti. Upande wa pili ulihitaji ufito wa kulisimamisha.

"Chagua mwepesi," Mwalimu alimwambia, "maana vilima vya Kisarawe havina huruma na mzigo. Lakini uwe imara. Mbegu zikilowa zitaoza, na wenzetu hawatakuwa na cha kupanda."

Basi Adventina akaanza kupima. Alining'iniza kijiti kwa kamba kwenye boriti ya jiko, akawa anafunga ufito mmoja huku na mwingine kule, aone upi unashuka. Mti wa mkoko ulishuka puu! Mwanzi mbichi nao ulishuka, kwa kuwa una maji ndani. Shina kavu la muhogo lilipanda juu kabisa, lakini alipolipinda kidogo likakatika kama biskuti. Ikabaki mianzi miwili mikavu: mmoja aliuokota nyuma ya nyumba, mwingine aliuchomoa kwenye paa la banda la zamani la mbuzi.

Ule wa bandani ulikuwa mwepesi ajabu. "Mbona mianzi hii inalingana unene na urefu," alijiuliza, "na mmoja unapaa kama unyoya?"

Alipouinua, vumbi laini kama unga wa muhogo likamdondokea mguuni. Akalipangusa. Swali lilikuwa zuri, ila furaha haikumpa nafasi ya kungoja jibu. Akaufunga mwanzi ule kwenye baiskeli kwa mpira wa tyubu, akaenda zake kulala.

Safari ilikuwa tamu. Adventina aliuliza kila kitu njiani: kwa nini udongo hapa ni mwekundu, kwa nini mnyororo wa baiskeli unalia kwenye mlima na kunyamaza kwenye mteremko. Mwalimu alijibu mpaka pumzi zikamwishia.

Alasiri wakafika Kibuta, wakafunga turubai karibu na shamba la bibi mmoja, Bibi Mwamini, aliyewaruhusu. Mbegu zikawekwa chini ya turubai. Hazikukaa sana, mvua ikashuka. Upepo ukalijaza turubai, na mwanzi ukasema "kwa!" ukakatika katikati. Turubai likawaangukia vichwani.

"Mbegu!" alipiga kelele Mfaume.

"Baiskeli! Leteni baiskeli!" Adventina alisema, akitoka chini ya turubai kwa magoti. Wakasimamisha baiskeli mbili kwa stendi zake, wakaingiza magunia katikati, wakatandaza turubai juu ya viti vya baiskeli na kulifunga kwenye magurudumu. Mbegu zikakaa pakavu. Wenye mbegu wakalowa chapachapa.

Mvua ilipokatika, Mwalimu aliokota kipande cha mwanzi. Ndani kulikuwa na matundu matupu na unga. "Umebunguliwa na wadudu huu."

Adventina aliinamisha kichwa. "Mwalimu, unga huo niliuona nyumbani. Nikaupangusa."

"Kumbe wepesi wenyewe ni wa kuliwa!" Mfaume alicheka huku meno yakimgongana kwa baridi.

"Usimcheke, baiskeli ni wazo lake," Mwalimu alisema. "Adventina, ulipima vizuri. Kosa lako ni kwamba ulipopata jibu ulilolipenda, ukaacha kuuliza. Hapo ndipo pa kuuliza tena."

Asubuhi Bibi Mwamini akawaletea mwanzi mwingine kutoka darini kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Chukueni huu."

Adventina akaupokea kwa mikono miwili. Akaugonga, akausikiliza. Akachungulia ncha zote mbili. Akaupinda kwa goti. "Bibi, ulikatwa lini? Ulikaa moshini au penye unyevu? Wadudu hawajauingia?"

Bibi Mwamini akashika kiuno. "Yarabi! Mtoto huyu anachukua mwanzi au anaposa?"

"Mwache aulize, mama," Mwalimu Mbaraka alisema, akikamua shati lake. "Jana aliacha swali moja tu, tukaoga sote."