Taa za Kina Delphin

Boti la kaskazini lilikuwa limetia nanga, bandari ya Kalemie inavuma kwa kelele, naye Salomon, macho yake yakielea ziwani, akazikanyaga ndakala za watu, dagaa wa ziwa hilo, zilizoanikwa mkekani.

"Papa! Macho yako iko wapi?"

"Pardon, Mama."

"Pardon inapikwaka? Inama, okota!"

Akainama. Alipoinua kichwa akaona kitenge cha manjano, shingo ndefu, na tabasamu linalojaribu kukasirika. Huyo alikuwa Laurette, mfanyabiashara wa samaki kutoka mwambao wa kaskazini. Kwisha habari yake!

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Jioni walitembea mchangani taratibu, maji laini miguuni, hewa ikinukia moshi wa mkaa. Wasipoonana, simu.

"Chéri, umekula?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo weye!"

Salomon alisema kazi yake ni ya biro, ya ofisini tu, mpaka siku alipokuja na magwanda ya kapteni.

"Biro yako njo jeshi?"

"Ndiyo. Ndege zikitupa bombe kule kaskazini, miye naangaliaka kama mupango ulifaa."

"Kule Delphin, ndugu yangu, anavuaka na taa! Kumbe weye njo unaonyeshaka fasi ya kupiga!"

"Hapana, Laurette, miye napimaka nyuma, bombe zikisha kuanguka..."

Laurette akageuka akaenda zake. Simu haikupokelewa tena.

Ni kweli, Salomon hakuwahi kuchagua pa kupiga. Lakini alikuwa ameshawaambia wakubwa kwamba mpango umefaulu. Kabla ya mabomu, picha za angani zilionyesha taa tele ziwani, wakasema ni adui anavuka. Baada ya mabomu, taa hakuna. Ushindi! Na kwa ushindi huo ndege zingeendelea kupiga.

Jioni moja alisimama ufukweni na upweke wake. Mwezi mpevu ukachomoza, ziwa zima likawa jeupe. Mitumbwi ya Kalemie ilikuwa imevutwa mchangani, watu wanashona nyavu. Hapa hakuna aliyepigwa bomu, na bado taa hakuna. Baba yake alikuwa mvuvi. Tangu utotoni alijua kwamba mwezi ukiwaka ndakala hazifuati taa, na wavuvi hupumzika. Na picha za baada ya mabomu zilipigwa usiku wa mwezi kama huu. Alijua, akasahau, akayapa mabomu sifa za mwezi! Aliona aibu mpaka akakaa chini.

Kesho yake akawaambia wakubwa: "Nilikosea. Tulipiga wavuvi. Adui hatukumugusa." Wakamfokea, wakamwondoa biro, wakamhamishia Manono, mbali na ziwa. Lakini mashambulizi ya ziwani wakayasimamisha. Akaenda moja kwa moja kwa Laurette, akamweleza yote.

"Mwambie Delphin anaweza kuvua."

"Na kama bamekudanganya?"



Mwezi ulipofifia na usiku wa giza kurudi, Delphin aliingia majini, maana watoto hawashibi woga. Asubuhi Salomon alikuja na sanduku lake kuaga, akamkuta Laurette bandarini amekumbatia simu. Wakangoja pamoja bega kwa bega. Jua likapanda, bandari ikajaa.

Simu ikalia. Laurette akasikiliza, akacheka, akalia, kitenge kikamwanguka begani asikiokote. Kisha akamsukumia Salomon simu.

"Kamata. Sema na shemeji yako."